Mgeni wa Vita Hapewi Siku Mbili

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huo ni msemo wa watu waliokaa kwa amani. Nyumbani mgeni hupewa kiti na maji ya kunywa, akapumzika, akaizoea njia ya kisimani na mbwa wa jirani, ndipo anapoambiwa habari ya kazi. Lakini yupo mgeni mmoja ambaye hapewi siku mbili wala saa mbili. Huyo ni askari anayeteremshwa katika nchi ya mbali ambako vita tayari vinapiganwa. Haijui mvua ya huko, haijui nyasi ya huko, hajui lugha ya wenyeji, na adui ametangulia kufika.

Leo nataka tumzungumzie mgeni huyo. Nani amwelekeze? Ampe maneno gani? Na maneno hayo yatiliwe nguvu na nani, ili yasije yakaingia sikio hili na kutokea lile? Mfano wangu mkubwa nitautoa kwa babu zetu wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopelekwa Burma mwaka 1944, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar.

Kabla ya kufika huko, tupite kwanza Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu wananunua nyanya na vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, na wenzetu wa Nairobi wana Kariokor yao. Majina hayo mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hesabu ya serikali ya Kiingereza yenyewe, wapagazi waliokufa walizidi 95,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa. Walichukuliwa vijijini, wakapewa mzigo, wakaambiwa twende. Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa maelekezo yao.

Sasa turuke miaka 25 mbele. Katika Vita vya Pili vya Dunia, makoloni ya Uingereza ya upande huu wa Afrika yalitoa askari zaidi ya laki tatu. Baadhi yao walipangwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Walitoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1943 walivushwa bahari hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, na huko wakafundishwa vita vya msituni kwa miezi mingi kabla ya kupelekwa mbele.

Bahari yenyewe ilikuwa somo la kwanza. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo. Ilichukua zaidi ya watu 1,500, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga topido. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Niseme wazi mapema, ndugu msikilizaji: maelekezo si hirizi. Mtu anaweza kujua mlango wake wa kutokea, akavaa boya lake, na bado bahari ikamchukua. Lakini yule asiyejua mlango hana hata ile nafasi moja.

Walipofika Burma katikati ya mwaka 1944, Wajapani walikuwa wameshindwa huko Imphal na Kohima na wanarudi nyuma. Divisheni yenye kifaru ilipewa kazi ya kuwafuata kupitia bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Ilikuwa msimu wa mvua. Pepo ile ile ya kusi ambayo manahodha wetu wa majahazi wanaifahamu ndiyo inayokwenda kumwaga mvua zake kule Burma, na ikimwaga haina huruma. Barabara zilikuwa tope la magoti. Bonde la Kabaw lilisifika kwa malaria, na si bure kwamba watu waliliita bonde la mauti.

Je, adui mkubwa wa mgeni katika bonde kama hilo ni nani? Jenerali William Slim, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la 14 ambalo askari wetu walikuwa chini yake, aliandika baadaye kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, waliondolewa askari 120 kwa ugonjwa. Hebu lifikirieni jambo hilo. Mtu amefundishwa bunduki mwaka mzima, amenoa singe, kisha anaangushwa na mbu.

Kwa hiyo mafunzo ya mgeni yalianzia mwilini mwake. Jua likizama, teremsha mikono ya shati na uvae suruali ndefu. Jipake dawa ya kufukuza mbu. Lala ndani ya chandarua. Maji usiyoyatia dawa usiyanywe, hata kama kijito kinang'aa kama kioo. Usijilaze ovyo kwenye nyasi ndefu, maana humo mna utitiri unaoleta homa kali ya taifasi, na wakati ule daktari hakuwa na dawa ya kuiponya. Ruba akikung'ang'ania mguuni usimvute kwa nguvu, maana jeraha dogo katika joto na unyevu ule huwa kidonda kikubwa. Mguse kwa chumvi au moto wa sigara, ataachia mwenyewe. Angalia miguu yako kila upatapo nafasi, uikaushe, maana askari asiyeweza kutembea ni mzigo wa wenzake.

Juu ya yote hayo kilikuwapo kidonge. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, iliyateka pia mashamba yaliyotoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia. Badala yake askari walipewa mepakrini, kidonge cha njano, kimoja kila siku. Kilikuwa kichungu, na aliyekitumia kwa muda mrefu ngozi yake iligeuka rangi ya njano. Na kama kawaida, palizuka uvumi. Pakasemwa kwamba kidonge hicho kinaua nguvu za kiume. Uvumi huo ulienea kati ya askari wa mataifa mbalimbali, weupe kwa weusi. Basi wengine wakawa wanakiweka chini ya ulimi, wakigeuka wanakitema.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Slim angeweza kutoa hotuba. Angeweza kubandika matangazo kwenye miti, na matangazo yalikuwapo. Lakini alifanya zaidi. Aliamuru vikosi vikaguliwe kwa ghafla, kila askari apimwe kama kweli amemeza dawa. Ikionekana kwamba waliomeza hawafikii 95 kwa 100, hakuadhibiwa kuruta. Aliyefukuzwa kazi alikuwa kamanda wa kikosi. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilimbidi awafukuze makamanda watatu tu. Waliobaki walielewa.

Pamoja na hayo, vilifunguliwa vituo vya kutibu malaria maili chache tu nyuma ya mstari wa mbele. Zamani mgonjwa alisafirishwa mamia ya maili hadi India, akakaa miezi mitano kabla ya kurudi. Sasa alikuwa anarudi kwa wenzake baada ya wiki tatu hivi. Kufikia mwaka 1945, hesabu ya wagonjwa wa Jeshi la 14 ilikuwa imeshuka hadi mtu mmoja tu katika kila askari 1,000 kwa siku. Vidonge ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mkubwa aliwekwa mahali pa kujibu.

Yalikuwapo na masomo ya usiku. Wajapani walikuwa na mbinu ya kusogea gizani, wakipiga kelele, wakiita, wakitikisa matawi, ili mgeni aingiwe na hofu na kufyatua risasi. Akifyatua tu, keshaonyesha handaki lake lilipo. Mgeni alifundishwa kunyamaza na kungojea hadi aone kwa macho yake. Alifundishwa pia kwamba adui akitokea nyuma yako, usiseme umezingirwa. Sema yeye ndiye aliyezingirwa. Na kila mtu, awe mpishi, awe dresa, alipaswa kuweza kulinda mahali pake.

Chakula kilitoka mbinguni, kwa maana ya kwamba kiliangushwa na ndege. Hariri ya kutengenezea miavuli ilikuwa haba, wakashona miavuli ya juti huko Calcutta, nguo ile ya magunia. Mizigo mingine iliangushwa bila mwavuli wowote. Hapo tena pana somo: usikimbilie chakula kabla ndege haijamaliza, maana gunia la mchele kutoka juu laweza kumuua mtu sawasawa na bomu.

Maneno hayo yote yalisemwa kwa lugha gani? Hapa ndugu zangu tuna haki ya kujivunia kidogo. Jeshi la Keya liliendeshwa kwa Kiswahili, na kwa Kinyanja miongoni mwa wale wa kusini. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, ambacho mwalimu wa Lamu au Unguja angekisikia akaziba masikio. Lakini kilifanya kazi. Mkamba, Myao na Mganda walielewana. Afisa wa Kiingereza aliyetaka kuongoza askari hao ilimpasa ajifunze lugha yao, maana amri isiyoeleweka usiku wa mvua ni sawa na kutokuwa na amri. Na waelekezaji wazuri kuliko wote walikuwa masajini na makoplo waliokwisha pigana Abisinia mwaka 1941. Mgeni alimwona mtu aliyerudi hai, akamsikiliza.

Desemba 1944 babu zetu waliingia Kalewa, wakavuka Chindwin, na daraja likajengwa hapo ambalo lilipita jeshi lililokwenda kuikomboa Burma. Wasiorudi, wengine majina yao yamechongwa kwenye nguzo za makaburi ya vita huko Taukkyan, karibu na Rangoon.

Sasa naomba mnifuate hadi Vietnam, kwa sababu huko tunaona upande wa pili wa shilingi. Wamarekani nao walijua umuhimu wa kumwelekeza mgeni. Tangu mwaka 1942 walikuwa wakiwachapishia askari wao vijitabu vya mfukoni kuhusu nchi wanazokwenda, kuanzia Uingereza hadi Iraki. Vietnam nayo ilikuwa na kijitabu chake. Askari alipofika alipitia kituo cha mapokezi, kama kile cha Long Binh, kisha kwa siku kadhaa divisheni yake ikamfundisha habari za mitego ya miti iliyochongwa, za mabomu yaliyofichwa njiani, za kubadili soksi na kumeza dawa ya malaria.

Lakini kulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, kila mtu alihesabiwa mwaka wake peke yake. Askari wa kawaida alikaa miezi 12, na wale wa majini miezi 13, kisha akaondoka. Mtu hakuja na kikosi chake wala hakurudi nacho. Alikuja mmoja mmoja kuziba pengo la aliyekwenda zake au aliyekufa, akawakuta watu wasiomjua, na mwenye ujuzi anahesabu siku zake za kuondoka. Uchunguzi wa takwimu za vita hivyo ulionyesha kwamba waliokufa katika nusu ya kwanza ya mwaka wao walikuwa mara mbili ya waliokufa katika nusu ya pili. Askari wetu wa kifaru walikwenda pamoja, wakafunzwa pamoja, na aliyekuwa na hofu alikuwa na ndugu wa kumshika mkono.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kila askari wa Kimarekani alipewa kadi ndogo yenye kanuni tisa. Zilimwambia kwamba yeye ni mgeni katika nchi hiyo, awaheshimu wanawake, ajifunze maneno machache ya wenyeji, afanye urafiki na watu wa kawaida. Ni maneno mazuri, hata bibi yangu angeyatia sahihi. Lakini tarehe 16 Machi 1968, askari waliopewa kadi za namna hiyo waliingia katika kijiji cha My Lai wakawaua mamia ya raia wasio na silaha, wanawake, wazee na watoto. Wavietnamu wanahesabu waliokufa kuwa 504. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulikuta kwamba kadi zilitolewa, ila mafunzo yenyewe yalikuwa haba. Kisha kati ya wakubwa kwa wadogo walioshitakiwa, aliyetiwa hatiani ni mmoja tu, Luteni William Calley, mwaka 1971, naye hakukaa kifungoni kwa muda wa kuumiza mtu.

Naomba mlinganishe mambo hayo mawili. Huku kidonge cha njano: ukishindwa kuwasimamia watu wako, kamanda, unaondoka. Kule kadi ya kanuni tisa: watu wako wakiua kijiji kizima, wakubwa wengi wanakwenda zao nyumbani. Askari si mjinga. Anajua haraka sana ni maelekezo gani ambayo mkubwa wake anayajali na ni yapi yaliyoandikwa ili yaonekane yameandikwa. Yale ya kwanza atayafuata hata akiwa anayachukia. Yale ya pili atayaweka mfukoni yaoze na jasho.

Na tusiwasifu Waingereza kupita kiasi. Waliwafundisha babu zetu namna ya kubaki hai kwa sababu askari mgonjwa ni hasara kwa jeshi. Mshahara waliowapa haukulingana na wa mzungu aliyelala nao kwenye tope moja. Vita vilipokwisha Agosti 1945, wengi walingoja meli kwa muda mrefu. Na somo la kurudi nyumbani hawakupewa la kutosha: mtu aliyeamrishwa kuua kwa jina la uhuru wa wengine ataishije tena chini ya karani wa wilaya anayemwita boi? Wengine walijijibu wenyewe. Waruhiu Itote, aliyekwenda Burma na Keya, alirudi Kenya akaingia msituni na Mau Mau, akajulikana kwa jina la Jenerali China.

Kwa nini nimeyaeleza haya leo? Kwa sababu vijana wetu wangali wanakwenda. Tanzania ilipeleka askari katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Congo mwaka 2013, na Desemba 2017 tuliwapokea ndugu zetu kwenye majeneza kutoka huko. Kenya, Uganda na Burundi nazo zimepeleka vijana Somalia na kwingineko. Umoja wa Mataifa nao unayo kadi yake, yenye kanuni kumi za mwenendo wa mlinzi wa amani. Nayo ina maneno mazuri. Lakini tumesikia, na Umoja wa Mataifa wenyewe umekiri, kwamba wapo walinzi wa amani wa mataifa mbalimbali waliowadhulumu wanawake na watoto waliopelekwa kuwalinda.

Basi swali la kuwauliza wakubwa wanaowaaga vijana hao uwanja wa ndege lisiishie kwenye kama wamepewa kadi. Tuwaulize pia: akikosea kijana, ataulizwa nani? Akiugua kwa kukosa chandarua, atafukuzwa nani? Mama wa kijiji cha Kivu akilia, nani atapoteza cheo? Kijana wetu ana bahati moja ambayo babu yake hakuwa nayo kule Burma. Akifika Kivu, anaweza kumwamkia mwenyeji kwa Kiswahili, naye akaitikiwa kwa Kiswahili. Lugha ya kuelekezwa na lugha ya kuulizia njia ni moja. Hana kisingizio cha kutoelewa, na mkubwa wake hana kisingizio cha kutoelezwa.

Mgeni wa vita hapewi siku mbili. Mpeni basi neno la kweli kabla hajapanda ndege, apewe na mtu aliyekwenda akarudi, na awepo mkubwa ambaye jina lake limeandikwa chini ya neno hilo, wa kuulizwa likivunjwa.